Mvumilivu Aingie Kundi Gani?

Mimi sijui kuendesha gari, na watu wakishajua mimi ni mtoto wa nani hucheka mpaka wanashika mbavu. Mama yangu amefundisha udereva katika mji huu tangu sijazaliwa. Ukiona mtu mzima hapa kwetu anatazama vioo vyake vyote kabla ya kukata kona, jua huyo kapita mikononi mwa mama. Madereva wa malori wamepita kwake, manesi wamepita kwake, hata mume wangu kapita kwake. Huyo mume wangu aliufeli mtihani mara tatu, sote tukaamini ni mzito wa kichwa. Kumbe hakutaka masomo yaishe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwafungulia wanafunzi geti.

Mtaani walimwita Mwalimu Breki, maana hilo neno akilitoa lilisikika mtaa wa tatu. Mimi alinifundisha asubuhi moja tu. Alinifokea, nikamfokea, nikashuka katikati ya barabara na kubamiza mlango, nikashika njia ya nyumbani kwa miguu. Unafikiri aliniacha? Thubutu! Alinifuata nyuma na gari taratibu, akinipigia honi njia nzima. Mtoto wa nyoka ni nyoka, basi hatukurudia tena. Nikajifunza cherehani, na leo nashona magauni ya harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake.

Gari lenyewe tunaliita Mvumilivu. Ni dogo, la milango minne, rangi ya maziwa iliyochoka kidogo, na linanizidi umri. Lina jambo moja ambalo magari ya wenzake hayana: pedali za pande mbili. Upande wa dereva zipo kama kawaida, na upande wa pili, kwenye kiti cha mwalimu, zipo klachi na breki nyingine. Zilitengenezwa na fundi mmoja wa zamani, akaziunga kwa vyuma vinavyopita chini ya zulia, ili mwanafunzi akipagawa, mwalimu akanyage. Mama alikuwa akikaa pale na kitambaa chake kichwani, miguu juu ya pedali zake, macho mbele, na hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyewahi kugonga hata kuku.

Halafu zikaja shule mpya. Magari yao mapya, yana kiyoyozi, hayana klachi, na walimu wao wanaongea kwa upole kama watu wa hotelini. Wanafunzi wakahamia huko mmoja mmoja, mpaka geti letu likawa halifunguliwi. Mwanzoni mama alikuja kukaa dirishani kwangu nikishona, anasikiliza magari yanayopita. "Huyo anaua klachi," anasema. "Na huyo yuko gia ya kwanza mpaka sasa, anamngoja nani?" Nilicheka naye, kazi ikaenda. Baadaye akaacha hata kuwasema. Akawa anaamka jua limeshapanda, yeye aliyekuwa akiwaamsha majogoo. Siku moja nilikuwa napiga pindo la gauni, akaniuliza, "Hivi, mwalimu asiye na mwanafunzi ni nani?" Niliogopa, nasema kweli. Niliona mama yangu ananiishia mbele ya macho nami nimeshika sindano.

Ndipo kaka akaja na habari ya maonyesho.

Kaka yangu ni fundi wa bodi. Gari likigongwa likawa kama chapati, mpelekee, atalinyoosha mpaka ulisahau lilivyokuwa. Aliingia mbio na karatasi mkononi, akamkuta mama mezani hajagusa chai yake.

"Mama, maonyesho ya magari ya zamani! Uwanjani, wiki ijayo. Mvumilivu anaingia."

"Anaingia kufanya nini?"

"Kushindana! Majaji wanakagua, wanatoa makombe."

Nikamwona mama anavuta kikombe cha chai, akanywa. Nikaacha cherehani nikaja kukaa nao.

Kaka akatueleza. Makundi yalikuwa matatu, na gari moja huingia kundi moja tu. La kwanza ni Asilia: gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, kila kitu chake, na kila kilichoongezwa hupunguziwa alama. La pili ni Yaliyofufuliwa: magari yaliyokuwa mahututi yakatengenezwa upya. La tatu ni Magari ya Kazi: yaliyomfanyia mtu kazi, yaje na vifaa vya kazi yake.

"Basi hilo la tatu," nikasema. "Mjadala wa nini?"

"Hilo la tatu wanatoa utepe," kaka akasema. "Utepe, dada! Na unapangwa pamoja na gari la taka na gari la maiti. Asilia ndiko kwenye kombe kubwa. Tena gari linaloshinda Asilia linachukuliwa kwenye lile jumba la magari ya kale, linawekwa juu ya zulia, linamulikwa taa. Mama, jina lako litaandikwa ubaoni pale. Mvua hailigusi tena, jua haliligusi tena."

Mama akauliza, "Na nani ataliendesha?"

"Haliendeshwi, mama. Linatazamwa."

Mama akakitua kikombe. "Mimi nataka liingie lilivyo," akasema. "Watu walione lilivyokuwa likifanya kazi. Likishaonekana, hata mkilipeleka huko jumbani, sina neno."

"Sawa, mama," kaka akajibu. Unaijua ile sawa ambayo watoto huwapa wazazi wao, huku akili imeshaondoka? Ndiyo hiyo. Na mimi, mjanja wa mjini, sikuishtukia.

Akalichukua gari kulipeleka gereji kwake, kulisafisha tu, alisema. Wiki ile nilimwona mama akiamka mapema. Alitoa kitambaa chake cha kufundishia akakiloweka, akakianika, akakipiga pasi. Akaniambia nimshonee gauni, tena akachagua mwenyewe kitambaa cha bluu na kunibishania bei ya vifungo kama vile mimi ni mfanyabiashara wa kumpunja. Furaha ikanijaa. Mama akianza kugomba, ujue mzima.

Siku mbili kabla ya maonyesho tukaenda gereji kulitazama gari. Jamani, kaka yangu ana mkono! Mvumilivu alikuwa anang'aa bila kupakwa rangi mpya, vioo kama havipo, viti vimesuguliwa mpaka kwenye mikunjo. Mama akalizunguka polepole, anagusa mlango huu, anagusa ule, anatabasamu. Akafungua upande wa mwalimu, akaketi, akanyoosha miguu.

Miguu ikaenda mbele, ikakosa.

Mama akatazama chini. Palikuwa na zulia jipya, safi, limelazwa vizuri, na hapakuwa na pedali hata moja. Alikaa pale ameshika kishikizo cha mlango, kisha akashuka, akaufunga mlango kwa upole, akatoka nje kwenda kuningoja barabarani. Angebamiza ule mlango ningepumua. Huo upole ndio ulionikata maini.

"Umefanya nini wewe?" nikamgeukia kaka.

"Dada, nisikilize..."

"Umefanya nini!"

"Majaji wa Asilia wanapunguza alama kwa kila kitu ambacho kiwanda hakikuweka! Zile pedali kiwanda hakikuweka!"

"Na mama je? Mama kiwanda kilimweka? Si mumtoe na yeye tupate kombe!"

Povu lilinitoka siku ile, mafundi wake wote wakajifanya wanatafuta spana chini ya magari. Kaka akawa anasema, "Nataka liwekwe mahali pa heshima, dada, nataka watu wote walione," na mimi sikutaka kumsikia. Ni kweli alikuwa anampenda mama. Lakini jamani, kuna watu wanapenda kwa kutumia msasa.

Nyumbani mama akasema maneno machache tu. "Nendeni nyinyi wawili. Mimi nitabaki." Akakikunja kile kitambaa cha kichwani, akakirudisha kabatini.

Asubuhi ya maonyesho nikaenda chumbani kwake na gauni la bluu mkono huu, mkasi mkono huu.

"Mama, usipokwenda siendi. Na nisipokwenda, hili gauni nalikata sasa hivi, nafanya matambara ya kupigia deki."

"Usiniletee vituko."

Nikaupanua mkasi kwenye pindo. Mama ananijua, mimi sitishii bure. Akaliangalia lile gauni, yale mapindo madogomadogo niliyoyapiga kwa mkono.

"Kitambaa kina kosa gani?" akasema, akanipokonya. "Toka nje nivae."

Uwanja ulikuwa umechorwa mistari ya chokaa kwenye majani, na magari yamejipanga yanameta kama sahani za sikukuu. Sijapata kuona watu wazima wakifanya vichekesho kama wale. Mmoja anapiga mswaki tairi. Mwingine anapuliza vumbi kwa mdomo kwenye taa, anarudi nyuma, anatazama, anapuliza tena. Mwanamke mmoja alimfukuza mumewe asiegemee gari lao, akamwambia jasho lako lina chumvi. Tukamkuta kaka amesimama kwenye mstari wa Asilia na shati jeupe la kuazima heshima, hanitazami usoni. Mama akamwitikia salamu yake na kusimama mbali kidogo, mkoba kifuani.

Jaji mkuu akafika. Ni bwana mrefu, mwenye tochi na kioo kidogo alichokifunga kwenye fimbo, anakipitisha chini ya magari anatazama uvunguni. Akapitisha chini ya Mvumilivu. Akarudisha. Akapiga magoti.

"Hapa sakafuni kuna matundu manne yamezibwa," akasema. "Palikuwa na kitu. Kilitolewa lini?"

Kaka akaanza kumung'unya maneno. Mama akajibu kutoka kule aliko, "Juzi."

Jaji akainua kichwa, akamwona. Akasimama, akajifuta magoti, na bila kujijua akalichomekea shati lake vizuri. "Mwalimu," akasema. "Shikamoo, Mwalimu. Mimi nilijifunza kwenye gari hili. Zile pedali zako ziko wapi?"

Kaka akainamia viatu vyake.

Jaji akakohoa. "Basi niwaambie ukweli. Kwa matundu haya, kwenye Asilia litakuwa mkiani. Kwenye Yaliyofufuliwa halifai, halijawahi kufa. Lakini kengele ya kufunga makundi haijapigwa, mnaweza kuhama kundi. Anayechagua ni mwenye gari."

Sote tukamgeukia mama.

"Mimi nilishachagua," mama akasema. "Nilisema liingie lilivyo. Sasa lilivyo halipo. Mnataka nichague nini?"

Nilitaka kulia, na nilitaka kumkaba mtu. Lakini kaka yangu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka namsamehe makosa yake yote, hata ya utotoni. Hakujitetea. Aligeuka, akakimbia, akakimbia kweli, tumbo lile linatangulia, mpaka kwenye gari lake lililokuwa getini. Akarudi na furushi limefungwa kwa shuka safi. Akalifungua kwenye majani. Zilikuwa pedali za mama, vyuma vyake vyote, bolti zote, zimesafishwa na kupakwa mafuta, zimepangwa kwa mpangilio.

"Sikuzitupa, mama," akasema huku anahema. "Niliona mkono ukikataa. Nisamehe. Chagua wewe, mimi nafunga."

Mama akazitazama. Akaufungua mkoba wake, akatoa kile kitambaa, ambacho mimi nilidhani kiko kabatini, akakifunga kichwani.

"Magari ya Kazi," akamwambia jaji. Halafu akamgeukia kaka. "Na wewe unangoja nini? Lala chini! Kengele haimngoji mtu."

Kaka akajilaza chali kwenye majani na shati lake jeupe, akaingia uvunguni nusu. Mimi nikaketi ndani nikishika vyuma kwa juu, nati nimezibana mdomoni kama pini, mazoea ya kazi. Mama akatusimamia. "Hiyo ya kulia kwanza. Kaza. Kaza, mwanaume, umekula nini leo? Usiikaze mno, utakata uzi wa bolti!" Watu wakaanza kusogea. Huyu anasema, "Huyo si Mwalimu Breki?" Yule anaita mwenzake. Mtu mmoja akaleta spana, mwingine akamshikia kaka tochi. Kengele ikapigwa kaka akiwa anatoka uvunguni, majani kichwani, mgongo wa kijani, anacheka peke yake.

Tukahamia kwenye kona ya Magari ya Kazi. Kweli tulipangwa baina ya gari la zimamoto na gari la maiti, na ng'ambo yetu kulikuwa na gari la aiskrimu. Nikwambie, hakuna kona iliyokuwa na raha kama ile. Kule Asilia watu walikuwa wananong'ona kama wako hospitali. Huku kwetu zimamoto wanapiga king'ora, na muuza aiskrimu anampa kila mtu aonje.

Kumbe kundi hili lilikuwa na sharti lake: kila gari liingie katikati ya uwanja liifanye kazi yake mbele ya watu. Zimamoto wakarusha maji, wakawalowesha wa Asilia wawili, nami sikusikitika hata kidogo. Gari la maiti likafuata, taratibu, limepambwa maua. Mwenye gari alikuwa amemlaza shemeji yake mle ndani awe marehemu, lakini yule marehemu kila baada ya hatua chache alikuwa anainua kichwa kutazama kama watu wanashangilia. Mama alicheka mpaka akaniegemea bega. Sikumbuki ni lini alikuwa ameniegemea namna ile.

"Anayefuata, gari la shule ya udereva," jaji akatangaza. "Mwalimu yupo. Mwanafunzi je? Na awe hajui kweli, tusidanganyane."

Mama akatazama huku na huku. Watu wazima wote waliomzunguka walikuwa wanachekacheka. "Nitampata wapi?" akasema. "Hawa wote niliwafundisha mimi."

Hapo kaka yangu, na majani yake kichwani, akainua kidole polepole akaninyooshea mimi.

"Sithubutu!" nikasema. "Mbele ya watu wote hawa? Mnipe sumu kwanza."

Watu wakaanza kunibembeleza. Mume wangu, aliyekuwa katikati ya hao watu, akaniambia, "Nenda mke wangu, mimi nilifeli mara tatu na sikufa." Nikamwambia afunge domo lake. Mama hakunibembeleza. Aliligeuzia uso lile gari la aiskrimu akasema, kama anaongea na muuzaji, "Mwacheni. Huyo mdomo anao, miguu ndiyo hana."

Ah! Maji yalinifika shingoni. Nikavua viatu vyangu vya kisigino, nikamtupia mume wangu, nikaingia kwenye kiti cha dereva na kubamiza mlango. Mama akaketi upande wake, akaweka miguu juu ya pedali zake, akavuta pumzi. Akakaa sawa. Na mimi nilimwona vizuri kwa upande: alikuwa mama yule yule, aliyekuwa akipita mtaani na kila mtu ananyoosha gari lake.

"Vioo," akasema.

Nikatazama vioo.

"Unatazama vioo au unajitazama? Klachi. Mpaka chini. Gia ya kwanza. Washa. Sasa iachie polepole na mafuta kidogo."

Nikaachia. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Umeiachia kama kaa la moto!" mama akafoka.

"Si umeniambia niachie!"

"Nimesema polepole! Polepole hujui? Wewe cherehani yako unaianza kwa kuikanyaga mpaka chini?"

"Hapana."

"Ukiikanyaga hivyo inafanya nini?"

"Inakusanya kitambaa, inakata uzi."

"Sasa hiki ni kitambaa cha hariri. Anza."

Hilo nililielewa. Miguu yangu ikalielewa kabla yangu. Niliisikia klachi ikinipandia kwenye unyayo mtupu, ikatetemeka kidogo, nikaongeza mafuta kama ninavyoingiza hariri chini ya sindano, na Mvumilivu akaondoka. Akaondoka bila hata kushtuka! Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga ukelele wangu mwenyewe, sijui nilisema nini.

"Funga mdomo, tazama mbele. Gia ya pili. Kona inakuja. Indiketa! Unadhani watu wanaota unakoelekea? Punguza. Pun-gu-za. Breki!"

"Breki!" uwanja mzima ukaitikia, watu wazima na akili zao, kama darasa. Wote walikuwa wanalijua hilo neno, limewakalia mwilini. Niliona hata jaji mguu wake wa kulia ukikanyaga majani. Kila mama alipolitaja, walilirudisha, na kila walipolirudisha alizidi kuongeza sauti, mpaka tukawa tunazunguka ule uwanja kama tuko kwenye ngoma. Tukapita Asilia, wamiliki wakaacha miswaki yao wakapunga mikono. Nilikata kona ya pili, nikakata ya tatu. Nikaibia jicho upande wa mama, nikijua ni yeye anayenishikia gari kwa pedali zake. Miguu yake ilikuwa imekunjwa chini ya kiti, kifundo juu ya kifundo, kama mtu aliyekaa sebuleni.

"Mama! Hujakanyaga?"

"Nikanyage nini, na wewe unaendesha? Macho mbele!"

Nikaendesha mpaka mwisho huku machozi yananitiririka, naye akanifokea kwa hayo machozi pia, akasema yanaziba barabara.

Matokeo? Gari la maiti lilitushinda. Kaka ndiye aliyeumia kuliko sote, alisimama pale na utepe wetu wa nafasi ya pili mkononi, anarudia, "Tumeshindwa na maiti? Na maiti?" Mama akamwambia, "Maiti anayejua kuinuka kutazama watu, huyo huwezi kumshinda, mwanangu. Mwache." Akamtoa majani kichwani, moja moja, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni, na kaka akainamisha kichwa atolewe vizuri.

Halafu akaja bibi mmoja wa lile jumba la magari ya kale. Akampa mama mkono, akasema wamelipenda gari, na wao wangelichukua hivi hivi na pedali zake zote, waliweke juu ya zulia, walimulike taa, na jina la mwalimu liwe ubaoni. Nikamwona kaka anabana pumzi. Ilikuwa ndoto yake yote, imekuja yenyewe kwa miguu yake, bila kombe. Mimi nikainama chini, nikajifanya navaa viatu vyangu. Mama mwenyewe alishasema likionekana hana neno, na leo lilikuwa limeonekana.

"Nashukuru," mama akamjibu yule bibi. "Ni heshima kubwa. Lakini haliwezi kuja."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Lina mwanafunzi," mama akasema.

Kesho yake asubuhi na mapema nilikuwa bado na kanga ya kulalia niliposikia honi. Honi ndefu, isiyo na haya, mbwa wa jirani wakaitika. Nikachungulia dirishani. Mvumilivu amesimama mbele ya geti letu, kibao cha mwanafunzi kimefungwa juu yake, na mama ameshahamia kwenye kiti cha mwalimu, kitambaa kichwani, amejinyoosha mpaka kwenye usukani anabonyeza.

"Mama, watu wamelala!"

"Na wewe ndiwe umewalaza? Mwanafunzi gani anamngojesha mwalimu? Njoo, na uvae viatu vya maana!"

Nikatoka mbio, kanga kiunoni, ndala miguuni, nikaketi. Nilikuwa na furaha mpaka nikaisahau klachi. Gari likaruka, likazima, na mama akanifokea mtaa mzima ukaamka.